Aliyekata Kauli Hajaamua Kitu

Neema, binti wa kaka yangu, amepata kazi ile ile niliyostaafu nayo mimi: kupokea simu za dharura za magari ya wagonjwa hapa London. Nilifurahi mpaka nikampikia pilau. Kabla hajamaliza sahani akaniambia kwamba siku ya kwanza ya mafunzo mwalimu wao alisema, "Mkiingia chumba cha simu, lugha za nyumbani kwenu ziacheni kabatini pamoja na makoti."

"Na wewe ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nothing, Shangazi. Ni policy tu."

Nikaweka kijiko chini. Hiyo policy naijua. Tumekwishakutana mimi na yeye, tukatazamana, na aliyeinamisha kichwa si mimi. Kwa hiyo Neema, pamoja na nyinyi wenzako wote mlioanza kazi hii mkiwa na Kiswahili cha mama zenu kichwani hata kama mnajibu kwa Kiingereza, nimewaandikia haya. Wakubwa wenu wakiyasoma wakanuna, wanune. Pensheni yangu imeshaanza kulipwa.

Nianze na yale ambayo hata mwalimu wenu hatayabisha. Aliyenifundisha kazi ni Bi Nirmala, Mhindu mzaliwa wa Mwanza, aliyekuwa ameketi kwenye kiti kile miaka mingi kabla mimi sijafika. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wetu, na akikasirika kilizidi kunoga. Siku ya kwanza alinikalisha ubavuni pake, akanivisha hedifoni, akasema, "Tabitha, shetani mwenyewe akipiga simu, usimwulize ana nini. Mwulize yuko wapi. Ukijua aliko, hata simu ikikatika utampata. Ukijua anaumwa nini na hujui aliko, kazi yako itabaki kumwombea."

Nilidhani ni mzaha. Wiki hiyo hiyo mwanamke mmoja alinieleza ugonjwa wa mumewe kuanzia ujana wake, mimi nikiandika kwa bidii, kisha simu ikakatika. Nilikuwa na ukurasa mzima wa habari za figo na sikuwa na jina la mtaa. Alipiga tena, Mungu ni mwema, akapokewa na mwingine. Bi Nirmala hakunigombeza. Alichukua ukurasa wangu, akausoma wote, akauliza, "Sasa dereva tumpeleke kwenye figo?"

La pili alilonifundisha ni neno "tulia". Lifuteni. Nilikuwa nikilitumia kwa moyo mweupe kabisa: tulia mama, tulia baba. Siku moja mwanamume wa Croydon akanijibu, "Tulia wewe. Mimi mke wangu hapumui." Bi Nirmala alikuwa anasikiliza. Akaniuliza kama nimewahi kuona mtu akatulia kwa sababu ameambiwa atulie. Sikuwahi. "Basi mpe kazi," akasema. "Mtu mwenye kazi mkononi hana nafasi ya kupiga kelele."

Tangu siku hiyo nikawa nagawa kazi kama msimamizi wa harusi. Fungua mlango wa mbele. Mfungie mbwa jikoni. Weka simu sakafuni, bonyeza spika, piga magoti pembeni yake. Kila akivuta pumzi niambie "sasa". Na kama hasikii, rudia maneno yale yale kwa sauti ile ile, mara tatu, mara nne, ukimtaja jina. Ukibadilisha maneno atadhani umeuliza swali jipya, na la kwanza hajalijibu bado. Hili ni gumu kwa nyinyi mliosoma sana, maana mnaona aibu kurudia. Rudieni.

Halafu mwogopeni aliyepoa. Anayepiga kelele unajua kwake kuna moto. Lakini sisi Waswahili tuna adabu zinazoweza kuua. Mzee mmoja, kwa lafudhi Mombasa kabisa, alipiga asubuhi akanisalimia kwa Kiingereza kitulivu. Akaniuliza hali. Nikamwambia sijambo, nini kimetokea? Akasema, "Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu, sote wazima." Asiyetujua angeanza kumuaga pale pale, akidhani mzee amekosea namba. Mimi nilikuwa nimekaa naingojea "ila". Ikaja. "Ila ndugu yangu ameanguka bafuni, na midomo imegeuka rangi." Neema, habari ya Mswahili iko nyuma ya "ila". Usikate simu kabla hujaifikia, na ikichelewa ivute.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana nimewasimulia ya wengine vya kutosha.

Ilikuwa Jumamosi, asubuhi ya saa nne hivi, simu ikaingia kutoka Ilford. Mwanamke akaanza kwa Kiingereza: anataka gari la wagonjwa, ni mama mkwe wake. Akataja namba ya nyumba, mtaa, na msimbo wa posta, vyote sawasawa, na gari likaanza kutafutwa. Nikamuuliza jina, akasema Salma. Nikamuuliza mama ana nini, na hapo Kiingereza kikamwishia. Si kwamba hakukijua. Alikuwa nacho kizuri tu, cha dukani, cha benki na cha vikao vya wazazi shuleni. Lakini woga ukipanda, lugha ya pili ndiyo ya kwanza kukimbia. Alihema kidogo, kisha kikatoka Kiswahili cha Unguja: "Jamani, n'fanyeje mie, mama kakata kauli."

Sheria ya kazi ilikuwa wazi. Mtu asipozungumza Kiingereza, unabonyeza kitufe cha mkalimani na kusubiri. Hata kama lugha yenyewe umenyonya nayo, huruhusiwi kuitumia, kwa sababu hujapimwa ukalimani. Nilibonyeza. Muziki wa kusubirisha ukaanza kulia sikioni mwetu wote wawili, vinanda vitamu vya kwenye lifti. Salma akaanza kulia, akadhani nimemwacha.

"Salma," nikamwambia kwa Kiswahili, "sijaondoka. Mimi Mtanzania. Sema, nakusikia."

Nilisikia pumzi yake ikishuka. Mpaka leo naikumbuka pumzi ile, na kwa ajili yake ningeivunja sheria ile tena kesho asubuhi, kwa miwani hii na magoti haya mabovu.

"Dada, mama kakata kauli," akarudia.

Mimi ni mtu wa Kilosa. Kwetu bara, aliyekata kauli ameamua, na ameamua kikweli, harudi nyuma. Basi nikaona picha yote haraka haraka: mama mkwe mkali, mkaza mwana aliyechoka, wamegombana tangu alfajiri, bibi ameapa kwamba hamezi dawa tena au anarudi kwao. Mkono wangu ukaiweka simu ile kwenye foleni ya wasio na haraka sana. Nikamuuliza, "Kakata kauli ya nini? Kaamua nini?"

"Kaamua?"

"Ndiyo. Mama kaamua nini?"

"Dada, mama hajaamua kitu. Namwita haitiki. Yu macho, ananitazama tu."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini kwa kujikwaa sikio hawakutuachia neno. Kwa watu wa Unguja, aliyekata kauli ni mgonjwa aliyekatikiwa na maneno, aliyefika mahali ambapo watu huanza kumsomea. Nilikuwa nimelisikia neno lile maisha yangu yote na nilikuwa najua nusu yake.

"Salma, mtazame usoni. Niambie unaona nini."

"Mdomo umekwenda upande."

"Mwambie anyanyue mikono yote miwili."

"Kanyanyua mmoja. Wa kulia umebaki kitandani."

Kiharusi. Nikaipandisha simu juu kabisa ya foleni. Tangu nilipouliza kaamua nini mpaka mkono wangu uliporekebisha, zilipita sekunde kumi na tisa. Sikuzihesabu mimi. Zilihesabiwa baadaye na watu wenye kalamu, na walihesabu vizuri.

Hapo niwape somo nililolipata kwa uchungu: usiulize mgonjwa ana nini, uliza unaona nini. "Ana nini" inamletea mtu maneno ya kwao. "Unaona nini" inamletea macho, na macho hayana lahaja.

Tukiwa tunangoja gari, nikasikia kijiko kinagonga glasi.

"Salma, hicho kijiko cha nini?"

"Maji ya zamzam. Nimtie mdomoni kidogo."

"Weka kando, mwanangu. Hawezi kumeza, yatamwingia mapafuni. Mpanguse usoni ukipenda, lakini mdomoni kisipite kitu."

Akaweka kando. Yule mwanamke alikuwa anamwandaa mama yake kufa, na mimi nilikuwa nataka kumwandaa kupanda gari. Nikampa kazi: mlaze kiubavu, mwekee mto, fungua mlango, mshike mkono ule unaosikia. Mkalimani aliingia kwenye simu wakati wahudumu wa gari wameshafika sebuleni. Alikuwa mtu mwenye adabu zake, akatusalimia wote.

Siku chache baadaye Graham, meneja wetu, aliniita. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye tabia ya kunyoosha tai kabla ya kusema jambo baya. Akanyoosha tai. Mbele yake kulikuwa na rekodi ya simu na tafsiri yake iliyoandikwa na mtaalamu wa kulipwa. Nikaisoma. Pale Salma aliposema mama kakata kauli, mtaalamu alikuwa ameandika kwamba mama amefanya uamuzi.

"Kwa hiyo swali lako lilikuwa sahihi," Graham akasema. "Kosa pekee ni kutumia lugha isiyoruhusiwa."

Neema, mlango ulikuwa wazi pale. Ningenyamaza, zile sekunde zingepotea kwenye karatasi na hakuna mtu London nzima ambaye angezijua. Nilikuwa mjane mwenye watoto wawili shuleni. Lakini nilikuwa nimekwishalala na sekunde zile usiku kadhaa, nikaona sitaweza kulala nazo maisha yote.

"Swali langu halikuwa sahihi," nikamwambia. "Nilielewa vibaya. Na huyu mtaalamu wako aliyepimwa akafaulu, amekosea kosa langu lile lile, tena yeye amekaa mezani na kamusi, hakuna anayelia sikioni mwake."

Graham akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Akatoka, akarudi na nyingine aliyoichapa wakati huo huo. Ilikuwa barua fupi: nakiri kwamba kwa kutumia lugha nyingine nilimchelewesha mgonjwa, na ninaahidi kutotumia lugha yoyote isipokuwa Kiingereza niwapo kwenye simu. Chini, mstari wa saini.

"Kosa la sekunde ni langu," nikasema. "Liandike peke yake nitalisaini sasa hivi. La Kiswahili silisaini. Kiswahili hakikukosea. Aliyekosea ni mimi, kwa kukijua nusu."

"Tabitha, yote yako kwenye karatasi moja."

"Basi tafuta mbili."

Aliniondoa kwenye simu mpaka nitakaposaini. Nikapelekwa kupanga mafaili katika jengo la ofisi huko Croydon. Kila asubuhi nilikuwa naivuka London yote, kutoka Walthamstow mwisho wa reli mpaka kule kwenye tramu, kwenda kupanga A kabla ya B. Kila Ijumaa Graham alipiga simu kuuliza kama nimefikiria. Nilimjibu nimefikiria, karatasi mbili. Usidhani nilikuwa jasiri muda wote. Jioni nyingine niliitoa barua kwenye mkoba, nikaiweka mezani na kalamu juu yake, nikawatazama watoto wakila. Kisha nikaikunja tena.

Na kilichokuwa kinaniumiza zaidi ni kutojua. Kazi yetu haikupi mwisho wa hadithi. Gari likifika, simu inakatwa, basi. Sikujua kama bibi wa Ilford yuko hai.

Aliyenitoa gizani ni Bi Nirmala. Salma alikuwa ameandika barua ya shukrani kwa "yule dada Mtanzania", ikawa inazunguka kwenye meza za watu. Bi Nirmala akainakili, akaniletea nyumbani ndani ya mfuko wa bajia. Chini Salma alikuwa ameandika kwamba mama yu hai na mlango wao uko wazi.

Jumapili nikaenda Ilford. Bi Asha, mama mkwe mwenyewe, alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani. Alikuwa ametoka Unguja bi harusi mpya, baada ya mapinduzi, na sanduku moja, na bado kauli yake ilikuwa ya kule kule. Maneno yalikuwa yameanza kumrudi, moja moja, kila moja likipumzika kabla ya kulipisha jingine. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. Akapumzika. "Wewe ndiye... uliyeuliza... nimeamua nini?"

Nilitamani sakafu ipasuke. "Ndiye mimi, Bi Asha. Nisamehe."

Alicheka kwa upande mmoja wa uso, cheko la kweli, mpaka Salma naye akacheka, na mimi nikalia. Sioni haya kusema nililia. Kisha akaomba kalamu. Karatasi pekee niliyokuwa nayo mkobani ilikuwa barua ya Graham. Nikawaeleza ni ya nini na kwa nini sijaisaini, nikaigeuza nyuma, nikamwekea gazeti chini yake. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinaegemeana: *Kukata kauli. Unguja, kupotewa na maneno. Bara, kuamua.*

"Mie," akasema, "n'mezikata zote mbili."

"Ya pili ni ipi, mama?" Salma akamuuliza.

"Nakwenda... kwa bwana wake... wa kazi."

Na akaenda. Familia ya mgonjwa inaweza kuomba ielezwe simu yao ilishughulikiwaje, Salma akaomba, na siku ikapangwa. Graham alikuwepo, na tai, na mkalimani aliyepimwa. Nami niliitwa. Bi Asha akaingizwa na kiti cha magurudumu, mtandio wake wa sherehe umemkaa sawasawa. Graham, kwa heshima, akamuuliza kupitia kwa mkalimani hali yake.

"Sijambo," Bi Asha akasema. "Alhamdulillahi. Sina... neno."

Mkalimani akafasiri: hajambo, hana la kusema. Graham akaanza kufunga faili.

"Ngoja," nikasema. "Kuna 'ila' inakuja."

Chumba kizima kikangoja. Muda mrefu, kwa kuwa Bi Asha alikuwa analitafuta neno, na safari hii hakuna aliyemhimiza.

"Ila," akasema, "huyu... mrudishieni... simu yake."

Wiki iliyofuata Graham aliniletea karatasi mpya, inayosema kosa la sekunde kumi na tisa peke yake. Niliisaini kabla hajaiweka mezani vizuri. Ile ya zamani hakuiulizia. Nikarudi kwenye kiti changu pembeni ya Bi Nirmala.

Msifikiri policy ilibadilika. Haikubadilika, ndiyo hiyo hiyo mliyosomewa nyinyi wiki iliyopita. Graham aliacha tu kusikia nilipozungumza Kiswahili, na waliomfuata wakarithi uziwi wake. Mkalimani mwiteni, na mapema, kwa kuwa mnaweza kukosea kama mimi. Lakini muziki ule ukianza kulia sikioni mwa mtu ambaye mama yake anakufa, msimwache peke yake na vinanda.

Ile barua ya kwanza ya Graham niliibandika mezani kwangu, uso ukutani, mgongo nje. Chini ya mwandiko wa Bi Asha nikaongeza "ila". Mkenya wa zamu ya mchana akaandika "kuzidiwa", akaeleza kwamba si kuzidiwa na kazi, ni mgonjwa anayekwenda. Mkongo mmoja akaongeza matatu ya kwao Lubumbashi ambayo sikuwahi kuyasikia maishani.

Siku ya pilau nilimpa Neema karatasi hiyo. Akaisoma orodha, midomo ikicheza kimya kimya kama mtoto anayejifunza kusoma. Kisha akaigeuza.

"Shangazi," akasema, "this side, hujasaini."

"Najua," nikamwambia. "Kalamu yako itumie upande wa pili. Nafasi bado ipo."